Miguu ya Moto

Watu wa kijiji cha Mokgalo walikuwa na jibu moja tu kuhusu Oteng: ameoa ng'ombe. Jibu hilo liliwatosha miaka thelathini na sita, na watu wakishatosheka na jibu hakuna anayejisumbua kutafuta jingine. Mwanamume anafiwa na mke akiwa na miaka ishirini na saba, anahamia huko mchangani kwenye kisima cha mifugo, mwendo wa kutwa nzima kutoka kijijini. Anarudi mara mbili kwa mwaka, anaacha ndama au mbuzi kwa ajili ya binti yake, anaondoka kabla chai haijapoa. Mtu wa namna hiyo utamweleza vipi? Ameoa ng'ombe, basi.

Ukweli ni kwamba Oteng hakuwapenda ng'ombe kupita kiasi. Aliwapa majina kwa sababu kulikuwa hakuna mwingine wa kumwita jina. Alipika uji wa mtama kwenye chungu cha miguu mitatu alichopewa siku ya harusi, chungu cha kulisha watu sita, akala amesimama, na yaliyobaki akawapa mbwa. Kila jioni aliwasha redio yake ya betri kusikiliza matangazo ya vifo. Akisikia majina yote na la Matshediso halimo, huzima redio na kulala. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumjulia binti yake hali, na hakuna aliyeijua.

Alasiri moja Rra-Kabo, jirani wa kisima cha pili na mtu pekee aliyepita pale kila mwezi, alifika na gari lake la mizigo akipiga honi toka mbali.

"Oteng! Uko hai, au nichukue koleo?"

"Niko hai. Maziwa ya mgando yapo."

"Leo sinywi. Kaa chini."

"Huu ni mwaka wa thelathini na sita nimekaa. Sema."

Rra-Kabo alivua kofia, na mtu yule hakuvua kofia hovyo. "Binti yako amelazwa Gaborone. Moyo."

"Moyo wa nani?"

"Wake, mzee. Amejifungua mtoto wa kike, wiki mbili zilizopita. Alikuwa ndani anatawa kwa mama yake mkubwa, Mma-Ditiro, kifua kikambana. Mma-Ditiro akamwambia ni maziwa yamejaa, nyonyesha. Kesho yake kikambana tena. Unajua alichofanya? Ameruka gogo la mlangoni mwenyewe, na nguo ya kulalia, hadi barabarani, akasimamisha lori la kuni!"

Oteng alitazama njia iendayo kijijini.

"Sasa madaktari wanauliza mama yake alikufaje. Mma-Ditiro amewaambia hakuna aliyekuwepo. Kanituma nikuarifu." Rra-Kabo alitazama pembeni. "Kasema nikuarifu tu. Hakusema uje."

"Unarudi lini?"

"Sasa hivi."

Oteng aliingia ndani, akatoka na koti. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, lakini alipanda nyuma, akaketi kati ya mapipa ya maji, miguu ameikunja chini yake. Rra-Kabo alimwangalia kwenye kioo, akatikisa kichwa. Alishazoea.

Huko kwetu mwanamke akijifungua hutawa miezi mitatu. Gogo hulazwa mlangoni, na gogo lile lina sauti kuliko askari: mume haingii, jirani haingii, wala aliyetoka safarini. Anayeingia ni mwanamke mmoja mtu mzima, asiye na mume, wa kupika na kuosha. Mtu aliyetoka msibani kabla hajaoshwa kwa dawa, au aliyelala na mwenziwe, anasemwa ana miguu ya moto, na miguu hiyo ikikanyaga chumba cha mzazi, mtoto hudhoofu au mama huondoka. Waliosoma hucheka jambo hili wakiwa mjini. Wakizaa, wanarudi nyumbani na kulazia gogo.

Oteng wa miaka ishirini na saba naye alicheka. Mkewe, Seipone, alikuwa na siku kumi na moja tangu amzae Matshediso, na yeye alikuwa hajamwona mtoto ila kwa kusikia analia. Alikuwa ametoka kumzika mjomba wake juzi yake, hajaoshwa. Saa sita mchana Mma-Ditiro, dada mkubwa wa Seipone aliyemtawisha nyumbani kwake, alibeba ndoo kwenda bombani, na foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Oteng akaruka gogo.

Seipone alicheka hadi akajiziba mdomo. "Wewe mwizi! Dada akikukuta atakukata hayo masikio." Kisha akampa mtoto amshike. Oteng alikuwa amemshika, anamhesabu vidole, Seipone alipoacha kucheka. Aliweka mkono kifuani. Alisema ni kama mtu mzima amemkalia hapa. Jasho lilimtoka, mdomo ukawa wa kijivu, akasema taya linauma, na mkono, huu wa kushoto, Oteng, huu mkono una nini? Na hapohapo lango la uani likalia, na mpini wa ndoo ukalia.

"Toka," Seipone alisema. "Anakuja. Toka!"

Oteng alimlaza mtoto kwenye mkeka, akatoka kwa dirisha la nyuma. Alijibanza nyuma ya zizi la mbuzi, akimsikia Mma-Ditiro anaimba huku akimimina maji. Alingoja asikie lolote. Hakusikia. Ilipokaribia jioni ndipo alipomsikia Mma-Ditiro akipiga ukunga.

Kwa hiyo hakuoa ng'ombe. Alikuwa ameua mke kwa miguu yake, ndivyo alivyoamini, na mwanamume mwenye miguu kama hiyo hapaswi kukaa karibu na mtoto aliyebaki. Alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Siku moja Matshediso, ana miaka mitano, alimkimbilia uani na kikombe cha maji, maji yanamwagika huku na huku, na Oteng alirudi nyuma hatua tatu. Mtoto alisimama. Hakumkimbilia tena, na siku ya harusi yake baba alisimama zizini na wajomba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Moyo wa Oteng uliuma kila mara, na kila mara alijiambia afadhali aumie yeye.

Hospitalini alivua viatu mlangoni. Mlinzi alimwambia, "Mzee, huku si msikitini," lakini alikataa kuvivaa. Sakafu ilikuwa baridi na yeye alitaka baridi ile. Hakuingia wodini. Alimwona Matshediso kwa mbali kupitia kioo cha mlango, amelala, waya kifuani, na shingo yake ilikuwa ya Seipone kabisa.

Daktari, mwanamke kijana aliyeitwa Sethunya, aliwakaribisha yeye na Mma-Ditiro katika chumba kidogo. Mma-Ditiro alikuwa amezeeka, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Shemeji. Umekuja peku."

"Nimekuja."

"Ng'ombe wamekupa ruhusa?"

Daktari alikohoa kidogo. "Mma, ulisema marehemu alikufa usingizini?"

"Usingizini. Nilirudi bombani nikamkuta ameelekea ukutani, mtoto analala. Mzazi haamshwi, daktari, ndivyo tulivyofundwa. Nikamwacha apumzike." Sauti ilimpungua. "Nikamwacha hadi jua linashuka. Ni miguu ya moto tu, mtu fulani alipita karibu na nyumba. Mimi nilimshuku muuza mikeka mmoja wa pale kijijini."

"Hakuwa amelala," Oteng alisema.

Wote wawili walimgeukia. Hakuwa mtu wa maneno, na maneno yalimtoka yakiwa yamekauka, moja moja: gogo, mtoto, kicheko, mkono kifuani, jasho, taya, mkono wa kushoto, ndoo, dirisha. Daktari aliandika upesi. Mma-Ditiro hakuandika. Alimtazama tu shemeji yake.

"Muuza mikeka yule," alisema mwishowe, "nilimtangaza mpaka akahama kijiji."

"Ni mimi niliyemuua Seipone," Oteng alimwambia daktari. "Niandikie hivyo. Nilikuwa nimetoka kuzika."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema, "Rra, baba yangu, nisikilize vizuri," akaeleza polepole, maana alikuwa binti wa kijijini yeye mwenyewe na alijua anazungumza na nani. Mshipa unaoulisha moyo una kuta, ukuta ndani ya ukuta. Wakati mwingine, na si mara nyingi, ukuta wa ndani unachanika wenyewe. Damu inapenya katikati ya kuta, inauvimbisha, na njia inazibika. Humpata mtu ambaye hana mafuta, hana sukari, hana presha. Wengi ni wanawake, tena wengine wakiwa ndio kwanza wamejifungua. Ndiyo maana hata wauguzi hudanganyika wakadhani ni uchovu. Kwa Matshediso waliuona mpasuko kwenye picha, na walipopima mishipa ya shingo na ya figo waliikuta nayo ina vifundo, kama uzi wa shanga. Aghalabu jambo hili halimo katika ukoo, lakini mara mojamoja limo. Ndiyo sababu aliuliza habari za mama.

"Kisimani kwangu nina mpira wa kuvutia maji," Oteng alisema. "Siku moja maji yakakata. Mpira ukiutazama nje ni mzima. Nikaukata, nikakuta ngozi ya ndani imebanduka, imejikunja, imeziba."

"Ni hivyohivyo, Rra."

"Na mpira ule hakuna aliyeukanyaga."

"Hakuna aliyeukanyaga. Na mshipa wa mkeo hivyohivyo. Miguu yako haihusiki."

Angeweza kuondoka hapo akiwa mtu huru. Mma-Ditiro alikuwa tayari analia na kumshukuru Mungu. Lakini miaka thelathini na sita ya kuwa peke yako na jambo moja hukufanya ulijue upande wake wa nyuma pia, na Oteng aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza hata mbele ya ng'ombe.

"Kama ningepiga kelele?"

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Nilimwona anakufa, nikatoka kwa dirisha ili nisikutwe. Mma-Ditiro alikuwa langoni. Gari la hospitali ya misheni lilikuwa kijijini siku hiyo. Kama ningepiga kelele?"

"Wakati ule, kwa dawa za wakati ule..." Daktari alimtazama usoni na kuacha njia hiyo. "Sijui, Rra. Wengine hupona kwa kupumzishwa tu, mshipa unajifunga wenyewe. Wengine hawaponi. Sijui."

Oteng aliitikia kwa kichwa. Alivaa viatu, akarudi mchangani kwa gari la Rra-Kabo na lile "sijui" lake. Usiseme alipata nafuu. Zamani alikuwa na kosa la miguu, kosa ambalo mtu anazaliwa nalo au analiokota njiani. Sasa alikuwa na la mdomo, na hilo lilikuwa lake mwenyewe. Jioni ya kwanza alipika chungu kizima, hakula hata kijiko.

Baada ya wiki tatu Rra-Kabo alileta habari: Matshediso ametoka hospitali, yuko kwa Mma-Ditiro, gogo limelazwa upya. Mumewe yuko kazini Orapa, machimboni, na hata hivyo asingeingia. Oteng alichagua mbuzi wa supu, dume jeusi lililonona, akashuka nalo kijijini.

Alifika saa sita. Mma-Ditiro alimpokea mbuzi, akamwambia, "Kaa kivulini, shemeji. Nimemweleza Matshediso kwamba ulikuwepo, na habari ya miguu. Sikuweza kukaa nayo," akabeba ndoo akaenda bombani. Siku hizi bomba liko karibu, lakini foleni ni ileile.

Oteng aliketi chini, mbali kidogo na mlango. Gogo lilikuwa la mti wa mopane, limepauka. Ndani palikuwa na giza, na sauti ilitoka humo.

"Baba."

"Mama," alijibu, kama watu wanavyowaita mabinti.

"Wanasema ulinishika nikiwa na siku kumi na moja."

"Nilikushika."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sikukushika."

Kuku alipita, akasimama juu ya gogo, akaendelea na safari zake. Kuku haulizwi alikotoka.

"Nilidhani hunitaki," Matshediso alisema. "Nikiwa mdogo nilidhani nina uso mbaya. Nikakua, nikadhani nilimuua mama kwa kuzaliwa, na wewe huwezi kunisamehe. Nimewaza kila kitu, baba. Hili la miguu peke yake sikuliwaza."

"Si miguu," alisema Oteng. Ilibidi aseme sasa au arudi mchangani afie huko nalo. "Daktari amesema si miguu. Lakini mama yako aliniambia toka, nikatoka. Nilimwona anakufa nikanyamaza. Nilikuwa pale, nyuma ya zizi, mchana kutwa. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu kukutwa. Hilo Mma-Ditiro hakukwambia, maana anakuonea huruma. Mimi nakwambia."

Ndani mtoto akalia. Alianza kidogo, akapanda, akafika ile sauti ya kukata tamaa ambayo watoto wachanga wanaijua.

"Nimekatazwa kuinua," Matshediso alisema kutoka gizani. "Siku hizi mama mkubwa ndiye anayempandisha kitandani anyonye. Hata ndoo sigusi. Na mtoto mwingine nimekatazwa, huyu ndiye wa kwanza na wa mwisho. Yuko chini kwenye mkeka, baba."

Oteng alisimama. Aliinama kuvua viatu.

"Viache. Ingia navyo."

Goti la kushoto lilimuuma akiruka gogo, maana halikuwa tena la miaka ishirini na saba. Ndani palinuka maziwa na mafuta ya mtoto. Alimwinua mjukuu wake kutoka mkekani, akaketi ukingoni mwa kitanda, kando ya binti yake. Mtoto alinyamaza, akamtazama kwa lile jicho lisilojua mtu. Matshediso alikuwa amekonda. Alimtazama baba yake usoni, kwa karibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na hakuwa na haraka ya kumsamehe.

"Wamesema huenda ikarudi," alisema. "Kuchanika. Kwa wengine hurudi. Nikipatwa hapa, uko na mimi, utapiga kelele?"

"Nitapiga."

"Hebu nisikie."

"Sasa?"

"Sasa."

Oteng alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kuita mbwa aliye karibu.

"Kwa hiyo, baba, nimeshakufa," alisema Matshediso. "Piga tena."

Aliona aibu. Mzee wa miaka sitini na mitatu, kwenye chumba cha mzazi, mtoto mikononi, apige kelele mchana kweupe kijiji kizima kisikie kwamba yuko humu? Na ndipo lango la uani lilipolia, na mpini wa ndoo ukalia, vilevile, hatua zilezile zikakanyaga mchanga. Miguu yake ilitaka kuondoka, na dirisha la nyuma lilikuwa palepale. Akashika mtoto vizuri.

"Mma-Ditiro!" Sauti ilimpasua koo. Mtoto alishtuka. "Mma-Ditiro, njoo! Seipone anakufa! Niko humu ndani, njooni, Seipone anakufa!"

Ndoo ilianguka. Mbwa wa kata nzima walianza kubweka, na kule kwa jirani mtu aliuliza kuna nini. Mma-Ditiro alikuja mbio, miaka sabini na mbili, gauni limelowa, kilemba kimemdondoka, akafika kwenye gogo akalishika kwa mikono miwili. Alimtazama Matshediso, aliyekuwa ameketi mzima, machozi yanamshuka. Alimtazama Oteng na mtoto. Kisha alielewa ameitwa wapi, kwenye mchana ule wa miaka thelathini na sita iliyopita, akaketi juu ya gogo, akaufunika uso wake kwa mikono.

"Nimekuja," alisema. "Nimekuja, shemeji."